Amana ya Ujumbe

Ujumbe ni amana. Mtu akikabidhiwa barua ampelekee mwingine, huwa amebeba kitu kisicho mali yake, na thamani yake haijui. Huenda ndani mna salamu tu. Huenda mna habari ya mgonjwa. Huenda mna riziki ya watu sita. Mbebaji hana ruhusa ya kukadiria barua ipi ni kubwa na ipi ni ndogo. Wajibu wake ni kuzifikisha zote, zikiwa nzima, kwa watu waliokusudiwa. Ndivyo walivyofanya matarishi wa zamani, ndivyo ifanyavyo posta, na ndivyo zipasavyo kufanya kompyuta, ambazo siku hizi zimetwikwa sehemu kubwa ya utarishi wa dunia. Kazi yangu ni kuzifundisha kompyuta utarishi huo, na makazi yangu ni Voi. Nataka kuwaeleza vijana jinsi njia ya ujumbe inavyotengenezwa, na kwa nini haifai kuaminiwe kabla ya kujaribiwa.

Voi ni mahali pafaapo kujifunzia habari za njia. Mji huu umo katika Kaunti ya Taita Taveta, kati ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na kilima cha Sagalla huutazama kwa karibu. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipita hapa kwenda bara. Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, tawi la reli lilianza kujengwa kutoka Voi kuelekea Maktau na Taveta ili kuchukua askari na shehena za vita, na mwaka 1916 lilifika Kahe, likaungana na reli ya Tanga na Moshi. Mwaka 2017 reli mpya ya Mombasa na Nairobi ilifunguliwa, nayo ina stesheni yake Voi. Barabara kadhalika hugawanyika hapa: aendaye Nairobi hufuata upande wake, na aendaye Mwatate, Wundanyi au Taveta hushika mwingine.

Kwa hiyo mtoto wa Voi hujua mapema kwamba safari haiharibiki kwa kuvunjika gari peke yake. Gari zima, lenye dereva hodari na mafuta tele, likishika tawi lisilo lake humpeleka abiria mbali na kwao. Na kadiri liendavyo mbio ndivyo linavyozidi kumpoteza. Aidha, gari lililovunjika hupiga kelele, watu wakakusanyika wakalisaidia. Gari lililopotea huenda kimya. Tofauti hii ndogo ndiyo asili ya mambo yote nitakayoyasema.

Kompyuta huhitaji kupelekeana habari kwa sababu kila ofisi ina programu yake. Maabara ina moja, zahanati ina nyingine, benki ina yake, na bohari ya dawa ina yake. Waliozitunga hawakuwa pamoja, wala hawakutumia maneno mamoja. Programu moja huandika siku kwanza kisha mwezi. Nyingine huanza kwa mwaka. Tarehe iliyoandikwa 5/6 yaweza kusomwa kuwa tarehe tano ya mwezi wa sita, na yaweza kusomwa kuwa tarehe sita ya mwezi wa tano, na wasomaji wote wawili wakaridhika. Basi hapana budi pawepo mtu wa kati, aipokee habari kwa lugha ya huyu, aigeuze iwe katika lugha ya yule, ajue nani wa kupelekewa, na amkabidhi.

Zamani kila fundi alijitungia mtu huyo wa kati kwa namna yake, na mara nyingi fundi mwingine hakuweza kuielewa kazi ile. Mwaka 2003 Gregor Hohpe na Bobby Woolf walitoa kitabu kilichoorodhesha namna 65 za kuunganisha programu kwa ujumbe, kila moja ikiwa na jina lake na picha yake. Kutokana na fikira hizo kilipatikana kiunzi cha programu kiitwacho Apache Camel, ambacho toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2007. Kimeandikwa kwa Java, lugha ya kuandikia programu iliyotangazwa kwa watu mwaka 1995. Neno Camel maana yake ni ngamia, na jina lamfaa mwenye jina: ngamia huchukua mzigo wa mtu mmoja hadi kwa mtu mwingine, hauulizi bei, wala hauli njiani. Kiunzi hiki hutolewa bure, na kila apendaye aweza kukisoma chote tangu mwanzo hadi mwisho.

Msomaji asidhani kwamba haya ni mambo ya Ulaya na Marekani tu. Kenya ilianza mwaka 2011 kutumia DHIS2 nchini kote kukusanya taarifa za afya. Programu hiyo husimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, nayo imeandikwa kwa Java. Na miongoni mwa viungo vya Camel kimo kimoja kilichotengenezwa mahsusi kwa ajili ya kuzungumza nayo. Hesabu ya watoto waliochanjwa katika zahanati ya mlimani, au ya wagonjwa wa malaria waliotibiwa katika mwezi, husafiri kwa njia za namna hii hadi imfikie mtu mwenye madaraka ya kuagiza dawa. Hesabu isipofika, dawa nayo haifiki.

Sasa nieleze njia yenyewe. Katika Camel njia huandikwa kwa sentensi fupi zinazosomeka. Huanza kwa neno lenye maana ya kutoka, na humalizika kwa neno lenye maana ya kwenda: kutoka kituo hiki, kwenda kituo kile. Kituo chaweza kuwa faili, foleni, barua pepe, au programu ya ofisi nyingine. Katikati ya vituo viwili fundi huweka kazi anazotaka zifanyike. Aweza kuchuja, ujumbe usiofaa usipite. Aweza kugawa, furushi la majibu mia likawa majibu mia mbalimbali. Aweza kugeuza, tarehe ya namna moja ikawa ya namna nyingine. Aweza pia kuweka njia panda, ujumbe ukaangaliwa na kupelekwa upande unaostahili.

Katika hizo zote njia panda ndiyo yenye kutaka uangalifu mkubwa. Fundi husema: ikiwa namba ya ujumbe ni ya hospitali ya mjini, uende huku, ikiwa ni ya zahanati fulani, uende kule. Lakini ujumbe wenye namba isiyotajwa uende wapi? Fundi mwema huweka tawi la mwisho, lipokee kila kisichopata mahali pengine, na hukipeleka penye mtu wa kukitazama. Posta zina desturi ya kutenga mahali pa barua zisizopata mwenyewe. Njia ya kompyuta nayo yapasa kuwa na mahali hapo. Asiyeweka tawi hilo, ujumbe wake usio na mahali hutoweka, na mashine huendelea na ujumbe unaofuata kana kwamba hapakuwa na neno.

Mambo mengine mawili au matatu hufuata. Mtandao ukikatika, njia hufundishwa kungoja na kujaribu tena, mara tatu mathalani, kabla ya kukata tamaa. Lakini kujaribu tena kwaweza kuleta ujumbe uleule mara mbili; na kama ujumbe huo ni agizo la malipo, mtu atalipwa mara mbili. Kwa hiyo njia hufundishwa kukumbuka alama ya kila ujumbe uliokwisha kupita, na kuukataa ukirudi. Hatimaye, anwani za vituo na maneno ya siri hayaandikwi ndani ya njia yenyewe. Huwekwa katika faili lake peke yake, ili njia ileile iweze kuelekezwa leo kwenye kituo cha majaribio, na kesho kwenye kituo cha kweli, bila ya kubadilishwa hata herufi moja. Mpangilio huu waonekana mdogo, lakini ndio unaowezesha majaribio ninayotaka kuyaeleza.

Mafundi wa reli hupita kwa kiberenge wakikagua njia kabla ya kuiamini kwa treni yenye abiria. Jaribio la njia ya ujumbe ni kiberenge chetu. Fundi hukata ncha zote mbili za njia. Penye kituo cha kweli cha mwanzo huweka mlango wake mwenyewe, na penye vituo vya kweli vya mwisho huweka vituo vya bandia. Kituo cha bandia hakipeleki kitu popote. Kazi yake ni kupokea na kukumbuka. Kabla ya kuanza, fundi hukiambia kile anachotazamia: wewe utapokea ujumbe mmoja, wenye namba hii na jina hili, na wewe mwenzake hutapokea hata mmoja. Kisha hutia ujumbe wa kubuni mlangoni, na kungoja. Mambo yakiwa kama alivyosema, jaribio hupita. Yakiwa kinyume, jaribio huanguka, na mashine hutangaza kituo gani kilitazamia nini na kilipata nini. Yote humalizika kwa muda mfupi, na hakuna mgonjwa wala mfanyabiashara aliyeguswa.

Kila kanuni ya njia hupewa jaribio lake, hata ikawa kanuni ndogo. Wala haitoshi kujaribu yaliyo mepesi. Ujumbe mwema, ulioandikwa vizuri, utapita katika njia yoyote. Yafaa kutia ujumbe mtupu. Wenye tarehe isiyokuwapo. Wenye namba isiyojulikana. Wenye kuletwa mara mbili. Yafaa pia kutia majina ya watu wa kwetu. Jina Mwang'ombe, ambalo Mtaita halimshangazi, lina alama katikati yake, na ziko programu nyingi zilizotungwa mbali ambazo hujikwaa katika alama hiyo na kulikata jina vipande viwili. Aliyejaribu kwa majina ya Kiingereza tu hatalijua hilo mpaka Mwang'ombe aje kulalamika.

Nitatoa mfano nilioushuhudia. Niliitwa kutazama njia ya majibu ya maabara iliyotengenezwa na watu ambao sitawataja, katika huduma ambayo sitaitaja pia. Mama mmoja wa makamo, akaaye milimani, alikuwa ametoa makohozi yapimwe, akaambiwa kwamba majibu yataonekana katika kompyuta ya zahanati baada ya siku chache. Alikwenda mara ya kwanza kwa miguu. Muuguzi akafungua kompyuta, akasema, "Mama, bado." Akaenda mara ya pili, akajibiwa vivyo hivyo. Mara ya tatu muuguzi alipiga simu maabara. Mtu wa maabara akafungua kompyuta yake, akasoma, "Imepelekwa." Wote wawili walisema kweli.

Yule mama alimwuliza muuguzi, "Mwanangu, mbona karatasi yangu imekufa njiani?" Hakuijua kompyuta, lakini aliupata ukweli kuliko sisi tuliosomea. Jibu liliposomwa kwa simu, ilionekana kwamba ana kifua kikuu. Wiki zilikuwa zimepita. Na ugonjwa huo hupita kwa hewa, naye alikuwa akilala chumba kimoja na wajukuu wawili. Alianzishiwa dawa siku ileile, na watoto wakapimwa. Mmoja wao naye alihitaji matibabu.

Nilipoletewa kazi ile sikugusa njia kwanza. Niliandika jaribio. Niliweka kituo cha bandia mahali pa zahanati, nikakiambia kitazamie ujumbe mmoja. Kisha nikatia jibu la kubuni lenye namba ya zahanati, nayo ilikuwa 017. Jaribio likaanguka. Mashine ikasema kwamba kituo kilitazamia ujumbe mmoja, na kilichopata ni sifuri. Ilikuwa mara ya kwanza upotevu ule kutoa sauti.

Tulipofuata hatua moja baada ya moja, tulikuta kwamba katika kugeuza ujumbe, programu ilidhani namba ya zahanati ni hesabu ya vitu. Katika hesabu sifuri iliyotangulia haina thamani, basi ikaiondoa, na 017 ikawa 17. Njia panda iliijua zahanati 017. Zahanati 17 haikuijua. Na tawi la mwisho halikuwako. Zahanati za zamani zilikuwa na namba zisizoanza kwa sifuri, kwa hiyo majibu yao yalifika siku zote, na kila mtu aliamini kwamba njia ni nzima. Iliyoumia ni ile moja iliyofunguliwa baadaye, na ya mbali kuliko zote.

Dawa yake ilikuwa fupi. Namba ilisomwa kama jina, herufi kwa herufi. Tawi la mwisho likawekwa. Na kila asubuhi mtu mmoja akapewa kazi ya kutazama kama tawi lile limepokea kitu. Kisha jaribio likarudiwa, likapita. Liliandikwa na la pili, la kuhakikisha kwamba namba isiyojulikana hufika katika tawi la mwisho. Tulipopekua kumbukumbu za mashine tukaona majibu mengine ya zahanati ileile yaliyopotea kwa namna hiyo, nayo yakapelekwa siku hiyohiyo. Majaribio yale mawili yangali humo, na kila njia inapobadilishwa hukimbizwa tena, ili kosa lililokwisha kufukuzwa mlangoni lisirudi kwa dirishani.

Wako wasemao kwamba majaribio hupoteza wakati. Husema, njia ina mistari kumi, mtu aweza kuisoma kwa macho. Kwa nini kuandika mistari hamsini ya kuijaribu? Neno lao si la upuuzi, maana kazi huwa na siku yake ya kukabidhiwa, na mwajiri hulipa njia, halipi majaribio. Lakini macho ya aliyeandika huona alichokusudia, na mashine hufuata kilichoandikwa. Baina ya kukusudia na kuandika ndimo ilimopita sifuri ya zahanati ile. Tena wakati hauokolewi kwa kuacha jaribio. Hutolewa katika mfuko mwingine tu. Safari tatu za mama yule, za kupanda na kushuka milima, zilikuwa wakati pia, ingawa hakuna aliyeziandika katika gharama za kazi.

Wala wakubwa wa elimu hawakusalimika na jambo hili. Mwaka 1999 Marekani ilipoteza chombo kiitwacho Mars Climate Orbiter kilipokuwa kikifika katika sayari ya Mars. Programu moja ya ardhini ilitoa hesabu za msukumo kwa vipimo vya Kiingereza, na programu iliyozipokea ilidhani kwamba ni vipimo vya meta. Kila moja ilifanya hesabu yake sawasawa. Kilichokosekana ni kuhakikisha kwamba yaliyotoka kwa huyu yanaeleweka kwa yule. Chombo kilichosafiri miezi tisa kilipotea kwa ajili ya habari iliyofika ikiwa na maana nyingine. Basi fundi wa Voi na fundi wa Marekani wana mtihani mmoja.

Hata hivyo yafaa niseme mpaka wa majaribio, ili kijana asiyaabudu. Jaribio hujibu swali lililoulizwa tu. Njia iliyopita majaribio mia yaweza kuanguka katika jambo la mia na moja ambalo hakuna aliyelifikiri. Kituo cha bandia hakina foleni ndefu, hakikatiki umeme, wala hakibadilishi desturi yake bila kutoa habari. Kituo cha kweli hufanya hayo yote. Kwa hiyo baada ya jaribio la kipande huja jaribio la safari nzima, na baada ya hilo huja ulinzi wa kila siku. Jaribio halimwondolei mtu wajibu wa kuangalia. Humwondolea ujinga mmoja kwa wakati mmoja, na hiyo si faida ndogo.

Kijana atakayependa kazi hii ajue kwamba haihitaji uhodari wa ajabu. Yahitaji Kiingereza cha kutosha kusoma maelezo, hesabu za kawaida, kompyuta isiyo ya gharama kubwa, na uvumilivu. Lakini zaidi ya hayo yahitaji tabia ya kuuliza: na ikiwa sivyo? Ikiwa namba haijulikani, itakuwaje? Ikiwa mtandao umekatika milimani, itakuwaje? Ikiwa jina lina alama katikati, itakuwaje? Mwenye kuuliza hivyo huonekana msumbufu katika mkutano wa asubuhi, na mara nyingi huombwa anyamaze ili kazi iendelee. Asikasirike, wala asinyamaze. Swali lake lina mtu ndani yake, ambaye hayumo katika mkutano ule na hana namna ya kuliuliza mwenyewe.

Wazee walisema tahadhari kabla ya hatari, nao hawakuwa na kompyuta. Walikuwa na mito ya kuvuka na mizigo ya watu wengine mabegani, wakajifunza kupima kina kwa fimbo kabla ya kutia mguu. Mizigo ya leo haionekani kwa macho, na mito yake haina maji. Lakini mwenye mzigo angali anangoja ng'ambo, na hajui ni nani aliyeubeba. Anachojua ni kwamba umefika au haukufika.